Kanisa la Bagamoyo na Historia ya Kiswahili

Aghalabu kanisa la Bagamoyo linapotajwa, hutajwa pamoja na maiti ya David Livingstone, iliyofikishwa hapo Februari 1874 na kulazwa usiku mmoja kabla ya kuvushwa kwenda Unguja, kisha Uingereza. Habari hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, mgeni wa usiku mmoja hawezi kuwa kiini cha historia ya parokia. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia hiyo ni ya watu waliokombolewa utumwani, na kwamba sisi wanafunzi wa lugha tuna deni kwao.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa Unguja tangu 1863. Mwaka 1868, chini ya Padre Antoine Horner, walifungua misheni Bagamoyo, bandari iliyokuwa mwisho wa njia ya misafara ya pembe na watumwa. Kando ya misheni kikaanzishwa kijiji cha waliokombolewa, pamoja na mashamba na shule. Kanisa la kwanza lilijengwa mwaka 1872, mwaka ule ule ambao kimbunga kikubwa kiliipiga pwani hiyo. Mnara wake ungali umesimama. Kanisa la pili, lililo kubwa zaidi, lilijengwa kati ya 1910 na 1914.

Je, watu hao walisemezana kwa lugha gani? Waliokombolewa walitoka makabila mbalimbali ya bara. Walimu wao walitoka Ulaya. Hapana budi lugha ya kuwaunganisha iwe Kiswahili. Lakini Kiswahili hicho hakikuzaliwa misheni. Neno *kanisa* lenyewe, na *msalaba* pia, yametoka katika Kiarabu. *Padre* limetoka katika Kireno. *Mungu* ni la Kibantu. Kwa hiyo Ukristo uliingia katika nyumba ya lugha iliyokwisha jengwa na wenyeji, wengi wao Waislamu, ukaazima vyombo vilivyokuwamo.

Katika mazingira hayo ndipo alipofanya kazi Padre Charles Sacleux, aliyefika mwaka 1879 na kuishi pwani kwa takriban miaka ishirini. Sarufi yake ya lahaja za Kiswahili ilitoka mwaka 1909, na kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ikachapishwa kuanzia 1939. Thamani ya kamusi hiyo ni kwamba huonyesha lahaja ambamo maneno yalisikika, wakati ambapo usanifishaji ulikuwa umekwisha kuipa Kiunguja nafasi ya mbele. Maneno mengi ya Kimvita na Kiamu yamehifadhiwa humo. Ni jambo la kusikitisha kwamba, kwa kuwa imeandikwa kwa Kifaransa, wengi wetu hatuifunui.

Lakini tusimsifu mwandishi tukawasahau wasemaji. Padre Sacleux hakuyatunga maneno hayo. Aliyapokea vinywani mwa watu. Jina lake limo jaladani, majina yao hayamo. Vivyo hivyo mnara huitwa kwa jina la maiti iliyopita, si kwa jina la walioishi, kulima na kuzikwa hapo.

Basi yafaa wanafunzi wetu wakienda Bagamoyo wasiishie kuutazama mnara. Wawaendee wazee, wakusanye masimulizi na msamiati wao. Jiwe la kanisa litangoja, mzee hangoji.