Stadi za Ujasiriamali Katika Shule za Msingi

Stadi za ujasiriamali kwa mtoto wa shule ya msingi ni uwezo wa kuona watu wanahitaji nini, kupanga kazi, kutunza fedha na kuyapokea matokeo ya uamuzi wake. Kumshikisha jembe tu hakutoshi.

Tanzania ililifikiria jambo hili mapema. Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Julius Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule ziwe na mashamba au karakana zake. Sehemu inayosahaulika ni kwamba alitaka wanafunzi washiriki kuamua matumizi ya mapato: je, wakodi trekta wapanue shamba, au fedha zifanye kazi nyingine shuleni? Shule nyingi zilishika jembe, zikaacha uamuzi. Mtoto alilima, mahindi yakavunwa, asijue yameuzwa kwa nani wala kwa bei gani. Baya zaidi, jembe likawa adhabu ya wachelewaji, na mtoto akajifunza kuichukia kazi.

Kenya nayo ilikuwa na vyama vya 4K tangu 1962, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilivyofufuliwa 2021 ili watoto walime na kufuga shuleni.

Mradi mdogo ndio unaofundisha vizuri. Tuta moja la mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne, kabla mtoto hajachoka kungoja. Tuseme mbegu ni shilingi 1,000 na samadi 2,000. Yamefungwa mafungu 40 ya shilingi 200 kila moja. Darasa la tatu wanahesabu na kurudisha chenji. Darasa la sita wanaandika daftari, upande mmoja zilizoingia, upande wa pili zilizotoka. Kumtuma mtoto akauze karanga barabarani saa za masomo si somo hili. Huko ni kumnyima shule.

Jioni mafungu 35 yameuzika. Zimeingia 7,000, faida 4,000. Matano yamebaki kwenye beseni, majani yamelegea. Hapo mwalimu anapaswa kunyamaza kidogo. Mmoja atasema wapunguze bei mapema, mwingine atataka wavune nusu leo, nusu keshokutwa. Wapige kura, waandike walichoamua, kisha wamwagilie tuta.