Hatari ya Kuanguka kwa Wagonjwa wa Skizofrenia na Namna Inavyopimwa

Skizofrenia hutambulika zaidi kwa dalili za akili: kusikia sauti zisizokuwapo, kushikilia imani zisizo na msingi na kujitenga na watu. Miguu ya mgonjwa haitazamwi sana. Hata hivyo ugonjwa huu, ambao Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kuwa uliwapata watu wapatao milioni 24, mara nyingi huandamana na upungufu wa uwezo wa mwili kujisawazisha.

Chanzo si dawa pekee. Kasoro ndogo za mwendo zimeonekana hata kwa wagonjwa ambao hawajawahi kutumia dawa yoyote ya ugonjwa huo. Dawa, hata hivyo, huweza kuongeza mzigo. Haloperidol, pamoja na sindano ya fluphenazine ambayo hudumu mwilini kwa wiki kadhaa, huweza kukakamaza misuli na kufupisha hatua; chlorpromazine na clozapine huweza kushusha shinikizo la damu mgonjwa anaposimama. Benzhexol, inayotolewa kupunguza ukakamavu huo, nayo huweza kutia ukungu machoni na kuvuruga fikra.

Tathmini huanza kwa swali ambalo aghalabu haliulizwi: umeanguka mara ngapi katika miezi 12 iliyopita? Ndugu anayemhudumia aulizwe pia, kwani wagonjwa wengi hawasemi, na jamaa huweza kudhani ni ulevi au ni "kichaa chake" tu. Kisha hupimwa shinikizo la damu mgonjwa akiwa amelala kwa dakika 5, na tena dakika ya 1 na ya 3 baada ya kusimama. Likishuka kwa milimita 20 au zaidi katika kipimo cha juu, au 10 katika cha chini, hilo ni jambo la kushughulikiwa.

Kipimo cha mwendo kinachowezekana hata katika zahanati kinahitaji kiti na saa tu. Mgonjwa huinuka kitini, hutembea mita 3, hugeuka, hurudi na kuketi. Kwa wazee, sekunde 12 au zaidi huhesabiwa kuwa ishara ya hatari. Kipimo cha Berg, kilichobuniwa Kanada, ni kirefu zaidi: kina majukumu 14 na alama 56.

Vipimo hivi vyote viwili viliandaliwa kwa ajili ya wazee. Kijana wa miaka 35 anaweza kupata alama nzuri mchana, kisha akaanguka usiku akienda msalani. Kwa hiyo namba yenye manufaa zaidi ni ile ya mgonjwa mwenyewe, iliyochukuliwa kabla ya kuanza dawa na kurudiwa kila kipimo cha dawa kinapobadilishwa. Mhudumu aoneshe kitendo badala ya kukieleza tu; mgonjwa anayesumbuliwa na sauti siku hiyo apimwe siku nyingine.

Familia isisimamishe dawa kwa sababu ya kuanguka, kwani ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu. Taarifa ipelekwe kliniki, ambako daktari anaweza kupunguza kiwango au kubadilisha dawa. Wakati wa kusubiri, mgonjwa akae ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili kabla ya kusimama, na njia ya msalani iwe na mwanga.