Dirisha la kamba: siri ya nyumba za zamani za London

Kamba ikikatika, nyumba nzima inasikia. Chuma kinadondoka ndani ya boksi, puu! Dirisha nalo halikai tena juu. Ukiliachia linashuka kwa kishindo, na ole wake aliyesahau vidole chini. Kwa zaidi ya miaka 300, mwenye nyumba wa London akisikia mlio huo anafanya jambo lilelile: anamwita seremala.

Dirisha lenyewe siyo la bawaba, wala siyo lile la kusukuma pembeni. Lina fremu mbili za mbao zenye vioo, moja juu na nyingine chini, zinazopanda na kushuka. Kila fremu ina kamba mbili zinazopita kwenye kapi ndogo, na mwisho wa kila kamba unaning'inia uzito wa chuma au risasi, umefichwa kwenye boksi la mbao pembeni. Uzito unalingana na fremu, ndo maana hata mtoto anaweza kulipandisha, na likabaki palepale alipoliachia.

Ufaransa walikuwa na madirisha ya kupandisha, lakini yalishikiliwa kwa vigingi. Ujanja wa uzito ulishamiri Uingereza mwishoni mwa karne ya 17, London ikijengwa upya baada ya moto mkubwa wa 1666. Mafundi walioufanyia kazi wengi hawakuandikwa popote. Jumba la kifalme la Hampton Court likayapokea, matajiri wakaiga, na baadaye hata nyumba za watu wa kawaida zikawa nayo.

Watu walipenda nini? Hewa kwanza. Shusha fremu ya juu kidogo, pandisha ya chini kidogo: joto linatokea juu, hewa baridi inaingia chini. Tena dirisha halifungukii nje likamgonga mpita njia, wala halifungukii ndani likala nafasi ya kitanda.

Serikali nayo ikaingia. Sheria ya 1709 ilitaka fremu za London zirudishwe ndani inchi 4 kutoka uso wa ukuta, ili moto usiruke kirahisi kutoka mbao hadi mbao. Mwaka 1774 ikaamriwa hata boksi la uzito lifichwe nyuma ya matofali. Kumbe ule urembo wa dirisha lililozama ukutani, watalii wanaoupiga picha, ulianza kama kinga ya moto!

Upande wa pili hadithi inauma. Kuanzia 1696 kulikuwa na kodi ya madirisha: madirisha yakizidi idadi fulani, mwenye nyumba analipa zaidi. Wengi wakaziba kwa matofali kuokoa hela. Mwenye nyumba alipunguza kodi, lakini aliyekaa gizani bila hewa alikuwa mpangaji maskini, na madaktari walilalamika kwamba watu wanaugua. Kodi hiyo ilifutwa 1851, baada ya miaka 155. Matofali ya kuziba bado yanaonekana kwenye kuta hadi leo.

Kodi ya kioo ilishafutwa 1845. Vioo vikubwa vikashuka bei, na vile vipande vidogo vingi, mara nyingi 6 juu na 6 chini, vikawapisha vipande 2 kwa 2. Kioo kikubwa ni kizito, kwa hiyo mafundi wakaacha ncha za mbao zitokeze kwenye pembe za fremu kuimarisha maungio. Ukiona ncha hizo, jua dirisha huenda ni la enzi za Malkia Victoria.

Halafu zikaja miaka ya 1970 na 1980. Wauzaji wa madirisha ya plastiki yenye vioo viwili walipita mlango kwa mlango. Hawakudanganya kuhusu baridi: dirisha la zamani lisipotunzwa linapitisha upepo na kugongagonga usiku. Wengi wakang'oa mbao nzuri wakazitupa. Ila mvuke ukishapenya katikati ya vioo viwili, haufutiki kwa kitambaa. Kioo chote kinabadilishwa.

La kamba ni tofauti, na hapo ndipo thamani yake ilipo: kila kilichomo kinatengenezeka. Mbao ikioza chini, inakatwa na kuungwa kipande. Upepo ukipita, unawekwa ukanda wa brashi. Baridi ikizidi, kinafungwa kioo cha pili kwa ndani. Nyingi ya mbao hizo zilitoka kwenye misonobari iliyokua polepole kaskazini ya baridi, na zikipakwa rangi kwa wakati zinavuka vizazi.

Na kamba iliyokatika? Fundi anabandua ukingo, anatoa fremu, anafungua kile kimlango kidogo cha boksi. Anafunga kipande cha risasi kwenye uzi, anakidondosha juu ya kapi, kinashuka na kuivuta kamba mpya nyuma yake. Anafunga uzito uleule wa zamani, anarudisha fremu, analipandisha dirisha kwa mkono mmoja. Linakaa.