Kadari na Khiari: Mazingatio ya Tabora, 1871

Ndugu msomaji, mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza darsani: "Maalim, lau mtu angaliweza kurejea siku zilizopita, angaligeuza lililoandikwa?" Nilimjibu kwa khabari ya Tabora.

Mji huo ulikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo: hii yenda Ujiji, hii yenda Karagwe na Buganda. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alikosana na Waarabu wa Tabora, akaifunga njia ya Ujiji. Wakamwendea kwa vita, wakashindwa. Mwezi wa Agosti Mirambo akaujia mji wenyewe. Khamis bin Abdalla akatoka kumkabili na watu wachache, akauawa. Stanley, aliyekuwa amefikia Kwihara, jirani na Tabora, aliyaandika hayo. Kwa kuwa njia imefungwa, alizunguka kusini, na Novemba akamkuta Livingstone Ujiji.

Sasa tukadirie mtu wa leo arejee siku ile, amshike Khamis mkono, amwambie: "Usitoke, utauawa." Akimsikia, hafi. Asipokufa siku ile, hapana khabari ya kifo hicho ya kutufikia sisi. Na khabari isipotufikia, ni nani aliyerejea kumwonya, na kwa sababu gani? Fundo hili halina wa kulifungua. Lililopita limepita.

Lakini wako wanaovuka mpaka. Njia ile ile ilipitisha pembe na watumwa, na nimesikia barazani ikisemwa: "Yalikadiriwa hayo, asilaumiwe mtu." Hoja hii Qur'ani imekwisha kuirudi katika Suratul An'am, aya ya 148, pale washirikina walipousingizia ushirikina wao matakwa ya Mungu. Kirangozi wa msafara akijua wapi mchukuzi atachoka, kujua kwake siko kulikomtwika mzigo. Huu ni mfano tu, kwani ilimu ya Mola haifanani na ya kiumbe. Aliyemtia mwenziwe mnyororo aliutia kwa mkono wake na khiari yake, na hisabu ni yake.

Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham alipata khabari ya tauni, akarudi na watu wake. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Akajibu kuwa anaitoka kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Basi kuchagua kwetu nako kumo ndani ya kadari. Hakutoki nje yake, wala hakufutwi nayo.

Ndiyo sababu Mtume S.A.W. alitukataza kusema "lau ningalifanya" kwa lililokwisha kutupata, kwani neno hilo humfungulia Shetani mlango. Na katika hadithi hiyo hiyo ametuamrisha tulikazanie linalotufaa.

Waliopita njia ya Tabora wamefungwa shingo hatuwezi kuwarejea tukawafungua. Lakini leo nyumbani mwako huenda yumo kijana kutoka bara, afuaye na kupika, na ujira wake wa miezi miwili ungali mfukoni mwako. Usimwambie riziki yake ndiyo iliyoandikwa. Mtume S.A.W. ameamrisha mfanya kazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Mlipe leo, kwani kesho hutaweza kuirejea leo.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kutenda haki. Amin.