Panya buku alivyoingia kwenye kazi ya mbwa

Septemba 17, 2025 ilitimia miaka kumi tangu Msumbiji itangazwe kuwa nchi isiyo na mabomu ya kutegwa ardhini. Morogoro ina sehemu yake katika kumbukumbu hiyo, kwa sababu ya mnyama ambaye mkulima wa Uluguru akimkuta shambani humtafutia mtego: panya buku.

Kabla yake, pua iliyoaminiwa ilikuwa ya mbwa. Majeshi yalianza kumjaribu kwenye mabomu tangu Vita Kuu ya Pili. Lakini mbwa mzuri ni ghali, tena humzoea bwana wake. Ukimpa mtu mwingine, kazi inalegea. Katikati ya miaka ya 1990, Mbelgiji Bart Weetjens, aliyefuga panya tangu utotoni, akauliza kwa nini kazi hiyo asipewe panya. Kwa simulizi yake mwenyewe, alichekwa. Nani angemkabidhi panya maisha ya watu?

Fedha zilipatikana mwaka 1997 kutoka serikali ya Ubelgiji, na shirika la APOPO likazaliwa. Profesa Ron Verhagen wa Chuo Kikuu cha Antwerp ndiye aliyependekeza panya buku. Sababu zake zilikuwa za kiutendaji: panya huyo huishi hadi miaka minane, ni mwenyeji wa Afrika hivyo magonjwa ya huku hayamsumbui sana, na uzito wake wa kilo moja hivi haufyatui bomu. Mwaka 2000 kazi ikahamia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, mjini Morogoro.

Hapo ndipo pua hufundwa. Mtoto wa panya akishafumbua macho, wiki ya nne au ya tano, huanza kubebwa huku na huko azoee mikono, sauti na magari. Kisha hufundishwa mlio mmoja mdogo, "klik", wenye maana moja tu: chakula kinakuja. Baadaye baruti ya TNT hutiwa ndani ya kichujio cha chai cha duara, kile cha kufunga na kufungua, na kufukiwa udongoni. Panya akinusa na kuparua pale pale, klik inalia, naye analamba ndizi iliyopondwa na karanga. Akiparua pasipo na kitu, halambi. Mafunzo huchukua kama miezi tisa.

Ubishi wa panya na mbwa haukumalizwa kwa maneno. Mwaka 2004, nchini Msumbiji, panya 11 walipimwa kwa viwango vya kimataifa, ambavyo havina huruma: ukiruka bomu moja, umeanguka. Kazi hii huwa ya alfajiri, kabla jua halijakali, na hata hivyo masikio na mkia hupakwa mafuta ya kuzuia kuungua. Watunzaji wawili husimama pande mbili wakishika kamba, panya katikati akienda na kurudi, pua chini. Wote 11 walifaulu. Kuanzia hapo, eneo la mita za mraba 200, ambalo mtu mwenye mashine ya kutambua chuma huweza kulihangaikia hadi siku nne kwa kuwa kila msumari unamsimamisha, panya alilimaliza kwa nusu saa. Mkoa wa Gaza, huko huko Msumbiji, ulisafishwa ukaisha mwaka 2012.

Mengine yanajulikana. Tangu 2007 panya hao hunusa makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu, sampuli 100 kwa dakika 20. Magawa, panya mzaliwa wa Tanzania, alivishwa Kambodia mwaka 2020 medali ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA, ambayo aghalabu huvaliwa na mbwa. Panya mwingine, Ronin, naye akavunja rekodi kwa kugundua mabomu 109. Na siku hizi APOPO yenyewe inatumia pia mbwa, ugomvi umekwisha.

Kilichobaki ni sisi. Huko Siem Reap, Kambodia, watalii hulipa kiingilio kumwona panya wa Morogoro akinusa. Huku mitaani kwetu, kipaza sauti cha machinga kinarudia tangazo lile lile: sumu ya panya, kunguni na mende.