Pango la Kuumbi

Pango la Kuumbi ni pango la mawe ya chokaa karibu na Jambiani, kusini-mashariki mwa Unguja. Ndani yake yamepatikana mabaki yanayoonyesha kuwa binadamu waliishi humo tangu takriban miaka 20,000 iliyopita. Wakati huo Unguja haikuwa kisiwa. Bahari ilikuwa imeshuka sana, na mkondo ambao leo boti za Dar es Salaam huuvuka kwa takriban saa mbili ulikuwa nchi kavu. Ndiyo maana udongo wa pango una mifupa ya pundamilia na nyati, wanyama ambao hakuna Mzanzibari wa leo aliyewakuta porini kisiwani. Bahari ilipopanda, kiasi cha miaka 10,000 iliyopita, wanyama wakubwa walibaki wamezingirwa na maji, kisha wakatoweka.

Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba hapo mwaka 2005 na kuripoti mifupa ya kuku na mifugo mingine ya kale mno. Uchimbaji wa 2012 haukuthibitisha ripoti hiyo ya mifugo. Kwa sasa hoja hiyo haina mashiko. Hata hivyo, uchimbaji huo wa 2012 ulitoa zana za mawe na vichwa vya mishale vya mfupa, vyembamba, vilivyochongwa kwa uangalifu. Tabaka za juu zina panya buku na makombe ya konokono kwa wingi. Baada ya kuachwa kwa milenia kadhaa, pango lilikaliwa tena katika milenia ya kwanza BK.