MFUKO WETU WA MAZISHI: TULIKOTOKA



Katika kuadhimisha miaka hii kumi tumeona tueleze kidogo habari za mfuko wa mazishi, maana wapo wanaouliza kwa nini hela zile zisikopeshwe zikazaa faida.

Historia yake ni ndefu kuliko umri wa kikundi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Uchunguzi uliofanywa huko mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba nyumba zilizofiwa zilitumia fedha nyingi zaidi kwenye mazishi kuliko kwenye matibabu. Sanda, jeneza, chakula cha waombolezaji, vyote vinataka hela siku hiyo hiyo. Mtumishi wa Serikali alisaidiwa na mwajiri wake, na mwanachama wa NSSF ana msaada wake wa mazishi. Lakini mkulima wa mahindi hapa Magoma, au mama anayeuza ndizi gulioni, huzikwa na majirani.

Mwaka 2020 ikaja Korona. Kule Marekani, Serikali ilianza tarehe 12 Aprili 2021 kupokea maombi ya waliofiwa, ikalipa hadi dola 9,000 kwa marehemu mmoja. Sharti lilikuwa stakabadhi za mazishi pamoja na cheti cha kifo chenye kuitaja Korona. Msaada ule hatuubezi hata kidogo. Ila tujiulize, sisi tungepeleka cheti gani? Nchini mwetu takwimu zilikoma kutangazwa mwaka 2020, zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21, zikarudi mwaka 2021. Katikati hapo watu walisema tu "changamoto ya upumuaji", wakazika.

Ndiyo maana mfuko wetu hauulizi marehemu kafa kwa ugonjwa gani. Wakati wa UKIMWI jina la ugonjwa lilileta aibu, na wakati wa Korona halikuandikwa. Sisi tunauliza jambo moja tu: mwenzetu kafiwa? Basi, hela itoke kabla kaburi halijachimbwa.

Kwa hiyo akina mama, hela hizi zisiguswe kwa mkopo. Na tukishazika tusisahau kufuatilia cheti cha kifo, kwani mirathi na mafao havipatikani bila karatasi.

Udumu umoja wetu!